Nyumba Isiyo na Msumari

Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo
Dar es Salaam
Alhamisi, Mfungo Tano

Kwa mama yangu mpenzi, Bi. Mwanahawa, Kilwa Kivinje.

Mama, shikamoo. Nakuamkia kutoka huku, na marahaba yako nitaisubiri mpaka meli irudi. Magoti yanasemaje? Yule mbuzi mwenye pembe moja bado anaingia jikoni? Na kile kikohozi kimekwisha kweli, au unakificha ili nisiache kazi nikaja mbio? Mimi, alhamdulillahi, nakula, nalala, na mashavu yameanza kurudi. Bi. Tatu, mwenye nyumba yangu, anasema nikiendelea kula vitumbua vyake hivi itabidi apanue mlango.

Najua anayekusomea ni kaka Shomari. Kaka, shikamoo nawe. Nakuomba usome yote, usiruke, wala usitie maneno yako. Barua ya mwanzo Mama alinijibu mambo ambayo mimi sikuyaandika, ikiwemo habari ya mchumba.

Mama, barua hii imekuja na kifurushi. Usikifungue kwanza. Kuna jambo nimelifanya bila idhini yako, na ukikiona kilichomo kabla hujasikia habari yenyewe, majirani watajaa uwanjani wakidhani una msiba. Hakuna aliyekufa, hakuna mgonjwa. Ni habari ya hirizi uliyonivalisha siku ya safari. Kaa, egemea ukuta, unisikilize.

Nilikuambia zamani kwamba nimepata kazi ya kujenga. Sikukueleza ni nyumba gani, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijaielewa. Ilikuwa hivi. Alikuja Mzungu mmoja hapa sokoni Kariakoo, mrefu, shingo nyekundu, akawa anazunguka kwa mafundi akitafuta mtu wa kumjengea nyumba isiyo na chuma. Isiwe na msumari, isiwe na bawaba, isiwe na kitasa. Mafundi wa mjini hapa, Mama, bila nyundo hawajui hata kusalimiana. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamwambia, "Bwana, nyumba hiyo watu hufugia kuku." Mimi nilikuwa pembeni nachagua muhogo. Nikamwambia, "Bwana, nyumba niliyozaliwa haina msumari hata mmoja, na imesimama tangu enzi ya Mjerumani." Hakuniuliza la pili. Muhogo wenyewe niliuacha.

Basi nikajenga, ng'ambo ya bonde la Jangwani, upande wa Magomeni, ndani ya minazi, mbali na reli na motokaa. Boriti za mikoko, fito, kamba za makumbi, makuti niliyashona mwenyewe kwa sindano ya mti. Mlango una bawaba za ngozi na komeo la mti. Kila penye fundo nimefunga lile fundo la marehemu Baba, la kuzungusha mara mbili na kupitisha chini, lile alilokuwa akinipiga kofi nikilikosea. Nilipomaliza, Mzungu alikuja na dira ndogo akaipitisha penye kila fundo, polepole, kama daktari anayesikiliza kifua. Dira haikutikisika. Nilijiona mrefu kuliko minazi ile. Nilitamani Baba angekuwepo.

Kwa kuwa najua tarakimu, Bwana alinibakiza niwe mtazamaji. Watu wa Kariakoo wanamwita Bwana Sumaku. Wengine wanasema amefunga jini ndani ya kibanda. Jini hakuna, Mama, mimi ndiye niliyefunga milango. Kuna sumaku, imetundikwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na imebandikwa kioo kidogo. Unakaa kwenye kigoda kwa mbali kidogo, unachungulia kwa darubini ya shaba, na ndani ya kioo kile unaona namba za rula. Sumaku ikigeuka hata kidogo tu, namba zinasogea. Bwana anasema dunia nzima ni sumaku moja kubwa, ndiyo maana dira huelekea kaskazini popote ulipo, na sumaku hiyo haikai kimya, huenda ikirudi. Kazi yetu ni kuitazama na kuandika.

Nasema yetu kwa sababu tuko wawili. Mwenzangu ni karani wa Kigoa, Bwana Fonseka, mzee mwenye mwandiko mzuri kuliko wa kwenye vitabu. Leo zamu yake, kesho yangu. Kabla ya kuingia tunaacha kila chenye chuma ndani ya sanduku chini ya mnazi. Funguo, kisu, mkanda, viatu kama vina misumari. Bwana Fonseka huacha na miwani yake, maana fremu ni ya chuma. Saa pia hairuhusiwi. Bwana mwenyewe hukaa nje chini ya turubai na saa yake, hatua mia kutoka kibandani, na kila robo saa hupiga kengele ya shaba. Ikilia, unasoma namba, unaandika.

Sasa fitina ilianzia hapo. Mwezi ulipokwisha, Bwana alilinganisha madaftari. Asubuhi za Bwana Fonseka namba zimetulia kama maji ya mtungi. Asubuhi za Hamisi kuna siku namba zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, mpaka kichwa kinauma. Mimi niliandika nilichokiona. Sikujua kwamba ilitakiwa itulie! Aliponiajiri alisema, "Andika ile iko." Nami nikaandika ile iko.

Akaniita. Kiswahili chake unakijua, nilikwisha kukuigizia kwenye barua nyingine.

"Hamisi, wewe fundi. Wewe sema kweli. Wewe natia msumari."

"Sikutia, Bwana."

"Iko chuma ndani. Lazima. Mimi navunja nyumba, natafuta. Kama napata, wewe rudi kwenu."

Mama, angenitukana nisingeumia vile. Kazi ni kazi, ikipotea nyingine hupatikana, hata kubeba mizigo Kivukoni. Lakini jina? Fundi aliyetia msumari kwenye nyumba isiyo na msumari! Habari ingefika Kilwa kabla yangu, na watu wangesema mtoto wa fulani ameshindwa fundo la baba yake. Nikapandwa na hasira nikamwambia, "Vunja, Bwana." Kisha nikatazama makuti yangu, bado mapya, nikajuta papo hapo.

Kabla ya kuvunja akaipitisha tena dira yake, boriti kwa boriti, fundo kwa fundo, kigoda, mlango, komeo. Hakuna kitu. Nikaanza kutabasamu. Ndipo akanigeukia mimi. Akaipitisha kichwani, kifuani, mkono wa kushoto, kimya. Ilipofika mkono wa kulia, juu ya kiwiko, dira ikageuka ikanitazama.

Nilidhani nitazama ardhini. Mwezi mzima nimeacha kisu, nimeacha funguo, nimemkemea mpaka mzee Fonseka kwa kifungo cha suruali, kumbe mimi mwenyewe nimeingia na chuma kila siku! Nami sikujua. Hirizi kwangu ilikuwa kitambaa na maandishi ya mwalimu, basi. Mtu havui hirizi kama anavyovua kofia, ndiyo maana haikunijia akilini kuiweka sandukuni.

Bwana akatoa wembe. "Fungua."

Nikasema, "Hii haifunguliwi. Amenivalisha mama yangu."

"Mimi nataka kuona chuma gani."

"Bwana, nyumba vunja. Hii hapana."

"Basi kazi hakuna."

Nilikuwa nimekwisha kugeuka, Mama, niende kuchukua funguo zangu sandukuni, ndipo mzee Fonseka akakohoa. Akaingiza mkono kwenye shati akatoa kimedali cha fedha chenye sura ya Bibi Mariamu, kimechakaa mpaka pua imefutika. "Bwana," akasema, "na mimi ninacho cha mama yangu. Mwache avue tu. Kuvua inatosha, kufungua ya nini?"

Bwana akafikiri, akakubali. Akanieleza hesabu yake: nikipumua, mkono unapanda na kushuka, chuma kinasogea, sumaku inacheza. Kwa hiyo pumzi zangu ndizo zilizoharibu kazi ya mwezi mzima. Basi nikaivua, Mama. Nikasoma Fatiha, nikaifunga kwenye leso, nikaiweka sandukuni kati ya funguo na miwani ya Mgoa. Hilo ndilo kosa langu. Ulisema nisiivue mpaka nirudi mlangoni kwako, nami nimeivua mbele ya Mzungu, chini ya mnazi, bila kukuuliza. Siku ile mkono ulikuwa mwepesi kama wa mtu mwingine. Nilipomweleza Bi. Tatu, aliacha kukaanga akaniambia, "Mwanangu, mama haombwi msamaha kwa kunyamaza. Mwandikie." Nikaogopa. Nikasema nitangoja nione mwisho wake.

Zamu mbili zilizofuata sumaku ilitulia tuli. Bwana akawa ananipiga begani, mimi ndani ya moyo nimenyong'onyea, maana ilionekana kweli ni ile hirizi.

Zamu ya tatu, jua limekwisha kupanda kidogo, nimechungulia nikaona arobaini na mbili. Nikaona arobaini na tatu. Na nne. Kisha tatu, mbili, moja, arobaini kamili. Kisha ikaanza kupanda tena. Nikajitazama mkono, mtupu. Nikazuia pumzi. Namba zikaendelea. Nikazuia mpaka masikio yakalia, kigoda kikaanza kuzunguka, na namba bado zinakwenda na kurudi zikinitazama kwa dharau. Basi si pumzi yangu, na si chuma chako, Mama! Nilitaka kuimba.

Lakini nani ataniamini? Saa sina. Nikasema, nitaipima kwa ninachokijua. Nikaanza kusoma Kulhuwallahu, kwa mwendo ule uliotufundisha, bila haraka. Ilipokuwa juu kabisa nikaanza, na mpaka ilipozunguka na kurudi juu, nimemaliza mara tatu. Nikarudia. Mara tatu. Nikarudia tena. Mara tatu, haizidi, haipungui. Pumzi gani ya binadamu ina urefu wa Kulhuwallahu tatu? Labda ya nyangumi.

Nikapiga kelele. Bwana alikuja mbio, kofia imeanguka nyuma, akashika komeo aingie. Nikaona mnyororo unang'aa kifuani. "Saa! Bwana, saa!" Mwenye sheria mwenyewe angeingia na chuma chake! Akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. Nikamwambia akae kule kule kwenye turubai na saa yake, na mimi kila namba ikifika juu nitamwitia. Nikawa naita, "Juu!" Kimya. "Juu!" Kimya. "Juu!" Watu waliokuwa wakipita kwenda Magomeni walisimama kutazama. Kariakoo sasa wanasema jini amepata jina, anaitwa Juu.

Ilipotulia, Bwana alikuja na karatasi yake. Nafasi zote zilikuwa karibu sawa. Akaniuliza nimehesabu kwa kitu gani, na saa sina. Nikamwambia. Akaniomba nisome mbele yake, naye akashika saa. Ikatoka ile ile.

Mzee Fonseka alikuwa amefika kuchukua karatasi za ofisini, amesimama tu anajifuta jasho. Mara akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, hiyo mimi naijua."

Kumbe siku zote alikuwa akiiona! Lakini kwa kuwa miwani yake inabaki sandukuni, alidhani ni macho yake yanayocheza. Aliogopa kusema, asije akaambiwa amezeeka, aende zake nyumbani. Kwa hiyo namba ikitikisika alingoja, akachagua ya katikati, akaiandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Mzee alilia, Mama. Bi. Tatu husema mficha uchi hazai, na siku ile nililiona neno hilo kwa macho. Bwana hakumfokea. Amemwagizia miwani yenye fremu ya shaba. Nasi wawili tulikaa kwenye mzizi wa mnazi tukapima dua zetu. Kulhuwallahu zangu tatu ni sawa na Salamu Maria zake tatu, isipokuwa ya mwisho yeye huiharakisha kidogo. Ananibishia hapo, lakini ndivyo ilivyo.

Bwana akapeleka simu ya maandishi kwa mwenzake mwenye kibanda kama chetu, nchi nyingine kabisa huko kusini, mwendo wa siku nyingi kwa meli. Alimuuliza juu ya asubuhi ile tu, hakumwambia tumeona nini. Jibu lilikuja juzi. Bwana alivuka bonde la Jangwani kwa miguu, matope mpaka magotini, akaja kunisomea hapa barazani kwa Bi. Tatu. Kule nako sumaku ilitikisika asubuhi ile ile, kwa mwendo ule ule. Na mwenzake hana Hamisi, wala hana hirizi.

Nikamuuliza, ni nini basi? Akasema wataalamu wanabishana. Wengine wanaona jua hutema kitu tusichokiona, kinasafiri mpaka kinafika juu huko, mbali kupita mawingu, kinaisukuma sumaku ya dunia, nayo inatikisika kama kamba ya kuanikia nguo ikipigwa na upepo. Nikasema, "Na wewe unaonaje, Bwana?" Akasema, "Mimi najua hapana." Miaka yote hii sijapata kumsikia Mzungu akisema kwamba hajui. Bi. Tatu alimpa kitumbua. Kisha Bwana akaniomba radhi juu ya neno la msumari, mbele ya watu, barazani. Jina la Baba limesimama, Mama. Watu wa mtaani wananiita Fundi Bila Msumari, na jana nimepata mteja anayetaka banda lijengwe hivyo hivyo, wala hana sumaku, anataka tu.

Najua utasema haya ni mambo ya Wazungu na madaftari yao. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini nimefikiri: kama ilitikisika hapa na ikatikisika kule mbali, basi Kilwa imo katikati. Asubuhi ile wewe ulikuwa unafagia uwanja, au unamfukuza mbuzi, na ilipita hapo ulipo wakati ule ule ilipopita kwangu. Nilifurahi kulifikiria hilo, ndiyo maana nakuandikia.

Sasa kifungue kifurushi. Kaka Shomari, toka nje kidogo, kisha utarudi umalizie.

Umerudi? Haya. Mama, hiyo ndiyo hirizi yako, ndani ya leso ile ile. Haikufunguliwa, tazama mshono. Kazini siwezi kuingia nayo tena, hata kama haina kosa, maana sheria ya kibanda ni moja kwa wote. Ningeweza kuwa naiacha sandukuni, lakini naogopa kuisahau huko. Kwa hiyo nakuomba uifungue wewe uliyeishona, utoe chuma, maandishi uyaache, unishonee tena unirudishie.

Kilichomo usiniambie. Lakini nitakuambia ninachokumbuka. Asubuhi ile ya safari yangu ulipoteza sindano yako ya kushonea kofia, ile nzuri uliyokuwa humwazimi mtu. Tulipindua mikeka yote. Kaka Shomari alitambaa mpaka chini ya kitanda. Mara ukasema, "Basi, acheni, itaonekana," ukatugeuzia mgongo, ukawa unanifunga hirizi mkononi bila kunitazama usoni. Nilidhani umechukia kwa ajili ya sindano. Na tangu siku ile kila barua yako inasema kofia haziendi, sindano za dukani Kivinje zinakwaruza uzi.

Ndiyo maana ndani ya kifurushi kuna na pakiti ya sindano. Nimezichagua mwenyewe kwa yule Mwarabu mwenye duka hapa mtaani, nikazijaribu moja moja kwenye kitambaa mpaka akachoka akanikaribisha kahawa. Hizo mpe shemeji, mke wa kaka. Wewe chukua ile yako.

Nisalimie shemeji na wanawe wawili, ambao ni wanangu, Mwinyi na Zena. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto na umwambie dawa yake ya meno nimeiona sokoni, nitaileta. Nisalimie mjomba mwadhini, na jirani yetu mfuma mikeka, na mbuzi kama hajachinjwa. Bi. Tatu anakusalimu sana na anasema umezaa mtoto mlafi. Mzee Fonseka naye anakusalimu, nilimwambia habari zako akasema mama wote ni dini moja.

Mkono wangu wa kulia uko wazi, Mama, na nitauacha wazi mpaka hirizi irudi. Ukiiona sindano, kabla hujatunga uzi, nisamehe.

Mimi mwanao akupendaye,
Hamisi, fundi